Nilivyokuwa Sauti ya Tak Geum-sil

Siku ya kwanza kazini nilifika nikiwa bado na viatu vya kazi yangu ya ghalani, vile vyenye chuma mbele, na Mkurugenzi akaniambia nivivue. Nilidhani ni mambo ya heshima, kwa kuwa nilishaona Wakorea wakivua viatu mlangoni. Kumbe vilikuwa vinalia. Kila nilipohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine soli zililalamika, na maikrofoni ilikuwa inasikia kila kitu. Basi nikasimama kwa soksi juu ya zulia, mwanamke wa miaka arobaini na saba ambaye sikuwahi kucheza hata igizo la Krismasi, nikapewa sentensi moja: "Mama, supu imepoa." Nilirudia sentensi hiyo asubuhi nzima.

Hiyo ilikuwa Louisville, Marekani, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Wakorea. Sisi Warundi tulikuwa tunaazimwa jengo hilo Jumapili mchana, wao wakishamaliza ibada yao. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma matangazo. Kusoma kwa sauti nilikuzoea tangu kambi ya wakimbizi ya Kigoma, ambako wazee waliniletea barua za watoto wao niwasomee, nami nilijifunza kuzisoma kama vile aliyeziandika yuko palepale. Mkurugenzi, Bwana Yun, alinisikia Jumapili moja alipokuja kuchukua funguo. Alizaliwa Korea lakini alikulia Mwanza, baba yake alikuwa mchungaji huko, kwa hiyo alinikaribia akanipa shikamoo kwa Kiswahili safi kuliko cha watoto wangu. Alikuwa amepata kibarua cha kuandaa tamthilia za Kikorea kwa ajili ya vituo vya televisheni vya Afrika Mashariki, akawa anatafuta watu wa kuzisema.

Kwa vijana mtakaosoma haya, niwaeleze kazi yenyewe. Inaitwa kuingiza sauti. Tamthilia inakuja imekamilika, maneno yanatafsiriwa, halafu msomaji anasimama mbele ya kioo cha televisheni na kuyasema kwa Kiswahili wakati mdomo wa mwigizaji unatembea. Sikio moja linasikia sauti yake halisi, tuliyoiita sauti ya mwongozo. Sikio la pili linasikia sauti yako mwenyewe. Ugumu wake ni kwamba Kiswahili ni kirefu. Yeye anasema neno la silabi moja na kufunga mdomo, wewe bado una silabi tatu mkononi. Inabidi utafute neno fupi lenye uzito uleule, na ulitafute haraka, maana wenzako wanasubiri zamu yao.

Mwigizaji niliyepewa alikuwa Tak Geum-sil. Wakati huo alikuwa bado msichana wa nafasi ndogo, binti wa mwenye mgahawa wa supu ya tambi katika tamthilia ambamo watu wote walikuwa wanamtazama mwingine. Nilianza kumwigiza anavyoigiza, nikipandisha na kushusha sauti, hadi Mkurugenzi akasimamisha mashine.

"Mama Neema," akasema, "usiigize. Yeye ameshaigiza. Wewe mfuate tu."

Sikuelewa kwa miezi kadhaa. Nilikuja kuelewa nilipoacha kutazama mdomo wake na kuanza kutazama mabega. Mtu akitaka kusema, pumzi inaingia kwanza, na mabega yanapanda. Nilijifunza kuvuta pumzi pamoja naye. Tangu hapo sikuchelewa tena.

Baada ya miaka miwili kazi ilikua, na Mkurugenzi akahamia Columbus, walikoishi wasemaji wengi zaidi wa Kiswahili. Niliacha ghala nikamfuata. Nilipanga Reynoldsburg, na kila asubuhi nilivuka mji kwenda studio yetu mpya Westerville, studio ya kweli yenye mlango mzito na kuta za sponji. Tulikuwa na fundi mitambo, kijana wa Kihabeshi asiyejua Kiswahili hata kidogo lakini aliyejua mara moja kama msomaji amedanganya. Kila kipindi kilipoisha alituomba tusimame kimya, arekodi ukimya wa chumba. Alitueleza kwamba kila chumba kina ukimya wake, na kwamba ukikata maneno ukaacha tundu tupu, mtazamaji anashtuka bila kujua kwa nini.

Miaka ya Westerville ndiyo iliyokuwa miaka ya Geum-sil pia. Alikuwa wakili aliyekuwa hashindwi kesi, nikawa wakili. Akawa malkia, katika tamthilia ndefu ya enzi za kale, nami nikajifunza kusema polepole kama mtu ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza. Nyumbani mume wangu alilalamika kwamba hata chumvi nilikuwa naiomba kimalkia.

Hapo Westerville tulikuwa na msimamizi wa tafsiri, Mkenya, kijana msomi na mwepesi wa kucheka. Tuligombana naye mara moja tu kwa uzito. Wakorea, mtoto akitoka mbali, mama anamwuliza kama amekula. Msimamizi alikuwa ameandika, "Habari za safari?"

"Mama, hiyo line ni greeting tu," aliniambia. "Mtu wa Nairobi atashangaa, mbona anaulizwa chakula?"

Nilimwuliza yeye, akienda kwa nyanya yake, anaulizwa nini kabla hajakaa. Alicheka, akachukua kalamu. Tulisema, "Umekula?" na ikabaki hivyo miaka yote.

Halafu Geum-sil akatoweka. Hakukuwa na kashfa. Mkurugenzi alisoma kwenye magazeti ya kwao kwamba mama yake alikuwa mgonjwa na yeye alikuwa amekwenda kumtunza. Kwa karibu miaka minne hatukupokea kazi yake hata moja. Nilipewa sauti nyingine, mashangazi, walimu, mzimu mmoja, lakini nilikuwa kama mtu anayevaa nguo za kuazima. Aliporudi hakupewa tena nafasi kubwa. Alikuwa mama wa shujaa, anayepika na kusubiri nyuma ya mlango. Wasomaji wenzangu walimsikitikia. Mimi niliona alikuwa ameongeza kitu. Zamani alikuwa analia vizuri. Sasa alikuwa anajizuia kulia, na kumfuata mtu anayejizuia ni kazi ngumu zaidi.

Wakati huo mume wangu alikuwa na ndugu zake Buffalo, na afya yake ilikuwa inayumba, akataka kuwa karibu nao. Tukahamia West Side ya Buffalo, kwenye nyumba ya mbao ya zamani ambayo ngazi zake zinajibu ukizikanyaga. Mkurugenzi hakutaka kunipoteza. Alikuja mwenyewe na gari, akageuza kabati la nguo la chumbani kuwa studio: mablanketi ukutani, maikrofoni, kompyuta, waya wa intaneti. Nilikuwa nikizima tanuri la kupasha nyumba kabla ya kurekodi, maana lilinguruma, na wakati wa baridi nilisema maneno ya mapenzi nimevaa koti na kofia.

Ilikuwa huko Buffalo ambako daktari aliushika uvimbe shingoni mwangu. Ulikuwa kwenye tezi, na ulikuwa lazima utoke. Alinieleza kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita palepale, na kwamba wangejitahidi. Mkalimani kwenye simu alitafsiri kuwa "sauti inaweza kuchoka kidogo." Mimi nilikuwa nimemsikia daktari, najua neno alilolitumia, na halikuwa kuchoka.

Nilipozinduka sauti haikuwepo. Baada ya miezi mitatu ilirudi, lakini ilirudi nyingine, nzito na yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Mkurugenzi alinipigia. Nilimwambia aniambie ukweli.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Kituo kinataka sauti ileile, na sauti ile haipo."

Wakamchukua Furaha. Alikuwa binti wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, aliyeishi mtaa wa pili kutoka kwetu, na alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee. Nilimjua; ni mimi niliyemleta kwa Mkurugenzi mwaka mmoja kabla, kwa nafasi ndogondogo. Na kwa kuwa vifaa vyote vilikuwa kabatini mwangu, alikuja kurekodi nyumbani kwangu. Nilikaa jikoni nikisikiliza mtu mwingine akiwa Geum-sil ndani ya chumba changu cha kulala.

Nitasema jambo ambalo sioni fahari kulisema. Wiki ya pili, alipokuwa katikati ya sehemu ndefu, nilifungua bomba la jikoni maji yote nikaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Niliosha sufuria tatu. Furaha akatoka, hedifoni shingoni, akasimama mlangoni. Hakuwa na hasira.

"Mama, miye sikuombaka hii kazi," akasema. "Ni bo baliniita. Donc nikatale?"

Nilifunga bomba, maana ni kweli wao ndio waliomwita, na angekataaje. Nilimwambia arudi ndani, na safari hii nikaingia naye, nikasimama nyuma yake. Kiswahili chake cha Kivu kilikuwa kinateleza pale maandishi yalipotaka cha vitabuni, na alikuwa anachelewa kuanza. Nilimwonyesha mabega. Toka siku hiyo niliingia kila asubuhi aliporekodi. Hakuna aliyeniomba.

Karibu mwaka ukapita hivyo. Ndipo ikaja tamthilia ambayo Geum-sil mwenyewe alitangaza kuwa ya mwisho kwake. Humo alivishwa mvi akaigiza mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke wa miaka sabini anayeishi peke yake mlimani, na binti yake wa pekee yuko nchi ya mbali. Furaha alisoma vipindi viwili. Alisoma vizuri. Lakini vilipoonyeshwa, watazamaji walianza kutuma ujumbe wa sauti kwa kituo, na Mkurugenzi akatusikilizisha baadhi. Mwanamke mmoja wa Kigoma, mwenye sauti ya taratibu, aliuliza ni kwa nini bibi mzee amewekewa sauti ya mtoto kinywani.

Mkurugenzi alianza kutaja majina ya wasomaji wengine wa Columbus. Furaha akamkatiza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Bon, Mkurugenzi, muniache niseme. Hii bibi ni Mama ndio anapashwa kuisema. Musikie sauti yake ya leo. Haiko ya huyu bibi?"

Akaomba yeye apewe binti wa mbali. Mkurugenzi, aliyekuwa kwenye simu, akaniomba nisome ukurasa mmoja. Nikasoma. Ile mikwaruzo niliyokuwa naionea haya dukani ilikaa juu ya uso wa Geum-sil bila kutafutiwa nafasi. Tukarekodi upya vipindi viwili vya mwanzo, tukaendelea.

Kipindi cha mwisho kina simu. Mama mzee yuko kitandani, anajua hatafika asubuhi, na binti anapiga kusema ameomba ruhusa kazini, anatafuta ndege. Mama anamdanganya kwamba hajambo. Tulisimama kabatini wawili, mimi na Furaha, bega kwa bega mbele ya maikrofoni moja, tanuri limezimwa.

Mama yangu alifia kambini nikiwa Louisville. Ghalani simu zilikuwa zinafungiwa kwenye makabati, hatukuruhusiwa kuwa nazo kwenye mkanda wa mizigo. Nilipofungua kabati wakati wa mapumziko nilikuta simu tatu ambazo hazikupokelewa. Binamu yangu aliniambia baadaye kwamba mama ndiye aliyeomba nipigiwe, na alikuwa ameomba kwa sauti yake mwenyewe. Alitaka kusema nini, hakuna aliyejua. Nilirudi kwenye mkanda nikamaliza zamu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mabega ya Geum-sil yakapanda. Nikavuta pumzi.

"Usihangaike kuja," nikasema. "Mimi nimeoga, nimelala vizuri, jua linanipiga miguuni. Wewe fanya kazi yako, mwanangu. Nilikuwa nataka kusikia sauti yako tu."

Furaha akajibu maneno ya binti. Hakuyaangalia kwenye karatasi. Nilimalizia sentensi zangu mbili zilizobaki, na sauti ilikatika mahali ambapo ya Geum-sil ilikatika, bila mimi kuikata. Kwa kawaida fundi mitambo, aliyetusikiliza kutoka Westerville, huomba mtu arudie angalau mara moja, kwa usalama. Safari hii hakuomba. Mkurugenzi naye akasema tu, "Hiyo inabaki, Mama Neema."

Nilistaafu mwezi huo. Mkurugenzi alikuja kuchukua vifaa, akavipeleka kwa Furaha, ambaye sasa ana mwigizaji wake mwenyewe, msichana mwenye maneno ya haraka ambaye mimi nisingemweza. Geum-sil, nasikia, anaishi karibu na bahari na halimi wala hafugi, anapumzika tu. Sikuwahi kuonana naye. Yeye hajui kwamba nipo, na hilo halijawahi kunisumbua. Yule wakili aliyemwigiza haulizi ni nani anayemsemea kwa Kiswahili huko Kigoma. Kwa wale mnaoingia kazi hii naweza kuwaambia mtunze koo, mvue viatu, na msione haya sauti zenu zikibadilika. Mengine mtayapata kwa kukosea, kama sisi.

Binti yangu Neema anaishi Louisville bado. Tangu akiwa na miaka kumi mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na tumezoea. Hakuwahi kutazama kazi zangu; alikuwa anasema zina vilio vingi. Wiki chache baada ya kipindi cha mwisho kuonyeshwa alinipigia mchana, siku yake ya mapumziko.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "niliona ile ya simu."

Nikamwuliza aliionaje. Badala ya kujibu, akauliza lake.

"Ulikuwa unaongea na mimi?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa najaribu kuongea kama bibi yako."

"Bibi alikuwa naongea vile?"

Nikamwambia ndiyo, karibu vile, ila bibi alikuwa anacheka zaidi. Akauliza alikuwa anacheka nini. Nikavuta kiti nikaanza kumweleza, na yeye akawa anauliza, kwa Kiswahili, akikosea ngeli, akichanganya nyakati, akitafuta neno na kulikosa na kuchukua lililo jirani. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kusikia makosa ya namna hiyo kabla hayajafika mwisho wa sentensi. Siku hiyo niliyasikia yote, na sikumsahihisha hata moja.