Jani la Isale Ukingoni mwa Mfereji wa Georgetown

Mwaka ule wa mvua za El Niño, mama alinituma Marekani nikampe mdogo wangu Elia jani la isale. Kwetu Uchagani, anayekuletea isale anakuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kukataa. Zamani mama alimfukuza mchumba wa Elia, naye Elia akaondoka bila kuaga. Sasa mama anazeeka peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo, na Elia, kitinda mimba wetu, ndiye mrithi. Nililiweka jani ndani ya Biblia, nikapanda ndege.

Temple Hills, anakoishi Elia, nilipokelewa vizuri na mkewe na watoto, lakini mwenyewe alikuwa kazini mchana na usiku. Nikabaki kutazama baridi dirishani.

Jumapili akanipeleka Georgetown, mtaa anakoosha vyombo mgahawani. Huko kuna mfereji wa zamani, nami nilitarajia maji yanayokimbia kama ya ule wa ukoo wetu. Haya yalikuwa yamelala, yana ukoko wa barafu na majani yaliyooza. Elia alisema vibarua wahamiaji waliuchimba kwa sururu, kisha mashua za makaa ya mawe zikavutwa na baghala, wale chotara wa punda na farasi, wakitembea ukingoni. Katika vijumba vya matofali waliishi vibarua na wafua nguo, wengi wao Weusi. Kodi ikapanda, wakahama mmoja mmoja. Siku hizi milango inang'aa rangi, na mtu wa kumsalimu humwoni.

Mbele ya kanisa moja jirani na mfereji, wazee Weusi waliovaa kofia nzuri walikuwa wakishuka kwenye magari.

“Hawa wanatoka wapi?”

“Huko Oxon Hill na kwingine, dada. Wazazi wao walikaa hapa. Kila Sunday wanadrive kuja kusali, halafu wanaondoka.”

“Wao angalau wanarudi Jumapili,” nikasema, nikafungua Biblia.

Alilipokea jani kwa mikono miwili, akalia. Nami nikalia.

“Mama nilishamsamehe kitambo. Lakini makaratasi yangu yali-expire. Nikitoka, siwezi kurudi tena. Watoto nimwachie nani?”

“Basi mwambie ukweli.”

“Mwambie wewe, dada.”

Nilitamani kumzaba kibao, lakini nani humpiga mtu aliyeshika isale?

Nilipofika nyumbani, mama hakuuliza habari za Marekani.

“Alilipokea?”

“Alilipokea, mama.”

Akamshukuru Mungu, akachukua ufagio, akaenda kufagia chumba cha Elia. Kule mferejini nilijifunza kwamba mtu anaweza kusamehe kabisa na bado asirudi. Mama sijamwambia. Chumba anakifagia mpaka leo.