Ayubu Mwenye Mlango Mgongoni

Mke wangu amenikataza kusimulia aibu hii mbele za watu, lakini leo hayupo, kwa hiyo sogeeni. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa karani bandarini, nimechumbia binti wa mtaa wa Kanyosha ambaye mama yake, Mama Esperansi, alikuwa bado ananipima kwa macho (alishamfukuza mchumba mmoja kabla yangu, kwa kosa la kuongea sana).

Nilikuwa na kaseti ya filamu niliyopewa na baharia, ya lugha ambayo hakuna aliyeijua mjini, na filamu yenyewe haina mbele wala nyuma: mvua inanyesha robo saa nzima, ukungu, mwanamume anapita amebeba mlango mgongoni, mbwa ameketi kanisani peke yake, basi. Niliipenda kupita kiasi. Kila Jumamosi vijana wa mtaani kwetu Bwiza tuliiweka na kubishana ule mlango ni wa nini. Mama Esperansi aliponiuliza ni filamu gani hiyo ninayoisifu hivyo, nikataka kumpendeza, nikasema ni ya dini, ni habari za Ayubu.

Kumbe yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa maombi, akaniagiza niilete kwake niwafasirie wenzake. Jumapili mchana (jioni hakuna aliyethubutu kutoka) nikakuta sebuleni kwake wanawake kumi na wawili na Biblia zao, pamoja na mke wa mchungaji, na kiti changu mimi mfasiri kimewekwa kando ya televisheni.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Mvua nikaiita majaribu, mlango nikauita mzigo wa dhambi, mbwa nikampita kimya, watu wakaitikia amina. Kisha Ayubu wangu akafika kwenye nyumba, akatua mlango, akavua nguo zote, akaingia kwenye beseni la kuogea. Nikasema hapo anabatizwa. Mara akaja mwanamke, naye akavua.

Mke wa mchungaji akaniuliza taratibu, "Na uyu mwanamuke, naye anabatizwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mu maji ile ile?"

Mama Esperansi akaruka, akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza mbele ya televisheni kama anayeanika nguo. "Mukwe," akasema, nami nikajua posa yangu imefia hapo, "sema ukweli. We uliangalia iyi filme yote?"

"Apana, mama. Ile mvua ikianza, mi nalalaka. Naamukaka kidogo tu, nalala tena."

Ndiyo siri yenyewe. Usiku tulikuwa tunasikiliza risasi, na mvua ile tu ndiyo iliyonipa usingizi (mabingwa wenzangu wa Bwiza nao walikuwa wakilala, ndiyo maana hatukuafikiana kamwe). Nikainuka niizime, nitoke, nisirudi tena.

Mama Esperansi akanionyesha mkekani. Wanawake wawili, waliokimbia mtaa wao wiki ile, walikuwa wamelala fofofo, midomo wazi.

"Usizime," akanong'ona. "Awa awajalala siku tatu, juu ya masasi ya bunduki. Shika uku."

Nikashika ncha ya pili ya kitenge, tukasimama hivyo, mkwe na mama mkwe, mpaka wale wa kwenye beseni walipomaliza mambo yao na mvua ikarudi. Tangu siku hiyo nimeapa kutomfasiria mtu filamu ambayo sijaiangalia nikiwa macho. Na siku ya mahari, wazee wangu walipouliza nimekubaliwa kwa sifa gani, Mama Esperansi aliwajibu bila kucheka, "Iko muongo, lakini analazaka watu."