Kifuniko Kilichozunguka Kushoto

Keza alirudi kutoka shuleni ananuka nyuzi za mgomba. Harufu ile ukishaijua haikutoki: majani yaliyolala majini siku tatu, tope kidogo, uchachu kidogo kama wa ndizi za pombe. Nilikuwa nafua. Nikamwambia avue sare niiloweke, akainua mikono, nikaona alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, imezunguka kama bangili.

Ana miaka saba. Katika somo la kazi za mikono wanajifunza kusuka vikapu, na yeye hushika sindano kwa kushoto, kama anavyoshika kila kitu. Keza akaniambia kwamba mwalimu wake, dada wa rika langu, alimfunga mkono huo mgongoni kwa uzi wa mgomba ili ule wa kulia ujifunze. Tangu mwaka uanze nilikuwa nimemeza mengi: daftari linalorudi na alama nyekundu kwa sababu herufi zimelalia upande mwingine, watoto wanaomcheka, mwalimu anayemhamisha benchi. Siku ile, na povu mpaka kwenye viwiko, sikuweza tena kumeza.

Nikaanza kufoka. Keza akanishika kanga.

"Mama, usikasirike. Ni kama we unafanyaka. Wageni wakikuwa hapa, unanihamishiaka kijiko."

Nilikaa juu ya ndoo. Ni kweli, nafanya hivyo. Niacheni niwaambie nilikojifunzia.

Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi mtaa wa Musaga. Masenge, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba, alikuwa fundi wa vikapu ambaye wanawake walimfuata hata kutoka mtaa wa Nyakabiga. Likizo kubwa ilipofika, wenzangu walicheza kamba barabarani, mimi nikapelekwa uani kwake, kwenye kirago, miguu imenyooshwa mbele. Alinifundisha kuchambua nyasi na kuzikusanya fungu dogo, nene kama kalamu ya risasi, kisha kulivisha uzi na kulizungusha juu ya lenyewe. Kikapu huanza na kitako kidogo kama kifungo cha shati. Kila mshono unatoboa safu iliyotangulia. Mkono wa kulia unatoboa, wa kushoto unashikilia, na kazi nzima inazunguka upande mmoja. Hakuna anayekuambia upande upi. Mkono ndio unaojua.

Wangu ulijua upande mwingine.

Mara ya kwanza alidhani nimechoka. Mara ya pili alinipiga kofi la vidole. "We Goreti, unasuka kikapu ao kiota ya ndege?" Jirani yetu mmoja, mama mnene aliyependa kuja kukaa tu, akacheka mpaka akakohoa. "Uyu mutoto akiolewa, atapika ugali na mukono ya chooni." Mimi pia nilicheka. Nilikuwa sijajua kwamba wanachekea kitu ambacho hakitaisha.

Masenge akachukua uzi uliolowa, akanifunga mkono wa kushoto kwenye kitambaa cha kiuno, vikabaki wazi vidole viwili tu vya kushikilia. Uzi wa mgomba ukikauka unabana. Yeye alijua, kwa hiyo alikuwa anaunyunyizia maji. Ndiyo upole wake, na sikatai kwamba ulikuwa upole.

Mwaka ule binti yake, Spesioza, alikuwa anaolewa. Masenge alisuka kikapu cha kumpeleka kwa wakwe, kile cha kifuniko chenye ncha, na michoro myeusi inayopanda kama ngazi. Alifanya mwili wa kikapu, akaniachia mimi kifuniko. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho wakwe watakishika mikononi, watakigeuza, watakitazama safu kwa safu ili wajue mke wao ametoka kwa watu gani.

Mkono wa kulia ulinishinda. Safu zilikuwa zinalegea kama midomo ya mzee. Jumapili, Masenge alipokwenda misa, niliufungua mkono wa kushoto. Nikasuka kwa kushoto asubuhi yote. Ilikuwa rahisi, jamani. Sindano ilikuwa inaingia yenyewe. Safu zilibana, ncha ikasimama, ngazi nyeusi zikapanda bila kukosa mshono mmoja. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, si kabla wala baada.

Masenge alirudi, akakipokea kwa mikono miwili, akakipapasa. Nilimwona anatabasamu. Kisha akakiweka juu ya kikapu. Ngazi za chini zilikuwa zinapanda kuelekea kulia, za juu zinakimbilia kushoto. Hata mimi niliona: kama watu wawili waliogombana wakapeana mgongo.

Hakufoka. Alikata kifuniko changu kwa kisu, vipande vinne, akavisukuma chini ya sufuria ya maharage. Nyasi kavu huwaka haraka. Akasema, "Bibi-arusi haendake na kitu inazunguka nyuma. Watasema nini?" Kesho yake akanifunga tena, na baba akaambiwa, na mwalimu wangu akaambiwa. Mama aliangalia, akaendelea kupepeta mchele. Mwaka uliofuata nilirudia darasa kwa sababu ya mwandiko. Kikapu sikushika tena.

Nilikuwa mwanamke mzima, nina mimba ya Keza, Masenge alipoanguka na upande wa kulia ukafa. Nilimpelekea uji hospitali. Nilipoingia, alikuwa peke yake, anakula kwa mkono wa kushoto. Hakumwaga hata tone. Kijiko kilikuwa kinakwenda na kurudi kwa mkono uliokuwa unajua njia tangu zamani, siyo wa mtu aliyeanza juzi. Aliponiona, akauficha chini ya shuka.

Alikufa wiki chache baadaye, na mpaka leo sijui nani alimfunga yeye, na kwa uzi gani. Nilifikiri kujua tu kwamba naye alifungwa kunatosha kunizuia. Halafu nikazaa, wageni wakaja, nikahamisha kijiko.

Kesho yake, baada ya kuiona alama ile, nilikwenda shuleni, mkurugenzi akanipokea amesimama. "Mama Keza, we ulisoma. Hii ni kitu kidogo, ni ya disiplini tu. Rudi nyumbani, tutaona."

"Basi nitaandika," nikamwambia.

Barua nilijaribu kuiandika kwa kushoto. Haikusomeka, hata na mimi. Nikaichana, nikaandika nyingine kwa kulia. Sitegemei jibu, lakini niliiacha mezani kwake, wakaipiga muhuri, na hii ndiyo nakala:

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Mimi, mama wa mwanafunzi Keza wa mwaka wa pili, naleta malalamiko. Katika somo la kazi za mikono, mwanangu alifungwa mkono wa kushoto mgongoni muda wote wa somo. Alama ipo, na jirani yangu ameiona.

Naomba asifungwe tena, yeye wala mtoto mwingine.

Naomba aachiwe asuke kikapu chake chote, mwili na kifuniko, kwa mkono wake. Vyote viwili vikizunguka upande mmoja, vitaelewana.

Siombi mwalimu aadhibiwe. Naomba aulizwe, taratibu, akiwa peke yake, kama na yeye aliwahi kufungwa.