Mkebe wa Makaa Kwenye Manila

"Aibu gani? Dada, aibu iko wapi hapo?"

Ndivyo nilimjibu dada yangu, na sikushusha sauti, kwa sababu alikuwa amemnyang'anya binti yake karatasi ya manila akaificha mgongoni.

"Unataka mtoto ajichore akichoma nyumba ya watu," akasema. "Halafu aipeleke shule. Wewe uko na akili kweli?"

Mimi nakaa Lodwar, natengeneza simu. Hakuna mtu alinifundisha, nilifungua tu simu mbovu mpaka mkono ukazoea. Wikendi hiyo nilikuwa nimeenda Kakuma kwa dada, nikakuta binti zake wawili wamepewa kazi ya shule: kila mmoja achore bango la kujikinga na moto.

Yule mdogo alikuwa ameshamaliza. Jiko ya gesi, mtungi mwekundu wa kuzima moto, na gari la zima moto lenye ngazi.

"Hii gari umeiona wapi?" nikamuuliza.

"Kwa simu ya mama."

"Na hiyo gesi?"

"Kwa simu ya mama."

"Sasa nyumba ikishika moto tukimbilie simu ya mama?"

Akacheka. Dada yake mkubwa hakucheka.

Huyo mkubwa, kiangazi kilichopita, alitumwa kuomba moto kwa jirani. Huku si jambo kubwa. Kiberiti ikiisha, mtoto anaenda na mkebe, anawekewa makaa mawili matatu ya moto, anarudi mbio yasizime. Hizo mbio ndizo kosa, na kila mama huku anamwambia mtoto wake akimbie. Upepo ukachukua cheche, ikashika ukuta wa makuti wa mama mmoja Mkongo anayeuza mandazi. Nyumba iliisha kabla mtu hajafika na maji. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hiyo siku watoto wa darasa lake wanamwita Kiberiti, na mtoto aliyekuwa anaongea kunishinda mimi amekuwa wa kunyamaza.

Sasa amechora mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, msichana na mkebe na cheche. Halafu nikae nione akinyang'anywa? Hapana.

"Rudisha karatasi, dada."

"Watamcheka, anko yao."

"Si wanamcheka tayari? Wacha wacheke wakijua kitu."

Akanitazama vibaya. "Basi twende kwa mwenye nyumba iliyoungua. Akikataa, mnaichana."

Tulimkuta mama Mkongo kwenye karai lake. Nikamsalimu kwa Kiturkana cha huku, "Ejok, mama."

"Ejok. Karibuni, lakini mandazi haiko ya bure."

Mtoto akamfungulia manila kwenye mapaja. Yule mama akaangalia, akaangalia, mafuta yakaanza kutoa moshi.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa tumbo hii umenipa ni ya nini?"

Akavuta manila karibu.

"Na mulango yangu haikukuwa huku. Ilikuwa huku." Akaweka kidole chenye unga, alama ikabaki. "Tengeneza. Halafu uandike mutoto asikimbie. Lakini mutoto anatumwa. Ni mama ndiye anasema kimbia, kimbia. Andika mama."

Dada yangu akaanza kupanga mandazi ya watu kwenye sinia, kama aliajiriwa hapo.

Tuliporudi nilikata kipande cha bati nikatengeneza kifuniko cha mkebe, nikatoboa na msumari. Tukaweka makaa ndani, jivu juu, mtoto akatembea nayo polepole mpaka barabarani na kurudi. Tulipofunua, bado mekundu. Hiyo ndiyo alichora upande wa pili wa manila. Dada akachukua kalamu mwenyewe, akaandika juu kwa herufi kubwa: MAMA, USIMWAMBIE MTOTO AKIMBIE NA MOTO.

Jumatatu nikawasindikiza shule. Mwalimu akasifu bango la mkebe, akasema kazi nzuri, lakini wageni wa ofisi ya elimu wanakuja kukagua na wanataka kuona mtungi wa kuzima moto. Nikafungua mdomo. Mtoto akanishika mkono, akasema yeye mwenyewe.

"Mwalimu, kwetu hakuna huo mtungi. Kwetu kuna mkebe."

"Nimesikia," mwalimu akasema. "Nitaona."

Mpaka leo bango la gari na ngazi liko ukutani. La mkebe liko ndani ya kabati ya mwalimu. Kila jioni mtoto ananipigia Lodwar kuuliza kama walimu wamesahau, na kila jioni namwambia mimi sijasahau. Ijumaa naenda Kakuma na gundi yangu mwenyewe, na sitatoka kwa hiyo shule kabla bango halijabandikwa.

Na wewe unayesoma, mtoto wako anajua kubeba moto, ama anajua tu kuchora gari?