Volan yenye kuinamia mama

Juzi, ku garaji ya muji ya Beni, fundi alichungulia ku dirisha ya gari yangu, akaonyesha usukani: «Mama, volan imeinama kuume. Tuinyooshe?» Nikasikia tena harufu ya grese na vumbi ya Rughenda, fasi nilikomalia.

Nikiwa mtoto, gari ya papa ilikuwa inaenda sawa, lakini volan iliinamia kuume, fasi mama alikuwa anakaa. Nilizani ni mapendo. Siku moja fundi akalala chini, akazungusha byuma byenye kushika mipira ya magurudumu ya mbele, polepole, mpaka volan ikasimama katikati. Njiani, mama akiwa pembeni ya papa, nikauliza:

«Papa, mama alikukosea nini?»

Bakacheka mpaka papa akasimamisha gari.

Leo najua ni byuma tu. Pale ku garaji, nikaangalia bwana yangu, kuume kwangu, anasinzia.

«Acha kwanza,» nikajibu fundi.