Koroboi kwanza: Otto arudi kisimani bila mdogo wake

Saa mbili na nusu asubuhi, Otto Luambano anapiga magoti kwenye ukingo wa shimo nyuma ya nyumba ya marehemu mdogo wake, Fulgence, katika mtaa wa Matogoro, mjini Songea, na kuanza kuteremsha koroboi. Ni kopo dogo la bati lenye utambi na mafuta ya taa, limefungwa kwa kamba ya katani. Analishusha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kando yake amesimama shemeji yake, Lidwina, mjane wa mdogo wake. Ameishika kamba hiyo hiyo kwa nyuma. Wote wawili wanautazama moto unavyozidi kuwa mdogo kule chini.

"Inawaka?" anauliza Lidwina.

"Inawaka."

"Tusubiri."

Wanasubiri. Dakika kumi zinapita, na mwandishi wa makala haya anaanza kuhama mguu huu kwenda ule. Wao hawasogei. Koroboi ikizima, maana yake kule chini hakuna hewa ya kumfaa binadamu, na kazi ya leo imekwisha. Ikiendelea kuwaka, Otto atashuka kisimani kwa mara ya kwanza tangu Novemba mwaka jana.

Moto hauzimi. Ndipo Otto anapoingiza mkono kwenye mfuko wa koti na kutoa tochi.

Si zile tochi za kununua leo zikazima kesho. Hii ni ya chuma, nyeusi, nzito mkononi, na inafunguka vipande vitatu: kichwa chenye taa, mwili unaobeba betri, na kitako chenye swichi. Ina vichwa viwili vya kubadilisha. Kimoja kinarusha mwanga mwembamba unaofika mbali, kingine kinautawanya. Betri ya kuchaji ikiisha, unafungua mwili huo na kufunga mwingine unaotumia betri za kawaida za dukani.

Anaijaribu kwanza. Anaitikisa, anaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, anaitoa, bado inawaka. Anafunga kichwa cha mwanga mwembamba na kumulika shimoni. Mita tisa chini zinaonekana alama za sululu kwenye udongo mwekundu.

"Hizo ni za Fulgence," anasema. "Alikuwa anachimba akiegemea kushoto. Alama zake nazijua."

Otto ana miaka 51. Fulgence alikuwa na miaka 38. Kwa miaka kumi na minne ndugu hao wawili walichimba na kufukua visima vya watu wa Songea, mmoja akiwa chini na sululu, mwingine juu na kamba. Kiangazi kilipokuwa kizuri walipata visima vitatu kwa mwezi, kwa shilingi elfu arobaini kila mita, wakigawana nusu kwa nusu.

Kinyozi hajinyoi. Mke wa mchimba visima alikuwa akichota maji mtoni. Fulgence alilijua hilo na lilimuumiza, akaanza kumchimbia mkewe kisima nyuma ya nyumba, kidogo kidogo, Jumapili baada ya misa. Alipofika mita tisa alimwambia udongo umeanza kuwa na unyevu, asubiri kidogo tu.

Wiki hiyo hiyo ndipo aliponunua tochi.

Aliyemuuzia ni Abdulswamadu, mfanyabiashara mwenye asili ya Tunduru, ambaye duka lake lipo karibu na soko. Anaikumbuka siku hiyo vizuri. Anasema Fulgence hakutaka kuinunua mpaka aijaribu gizani, na dukani mchana ule giza halikuwepo.

"Akaniomba gunia. Akajifunika gunia kichwani, katikati ya duka langu, wateja wanaangalia," anasema Abdulswamadu, na tabasamu linakuja kisha linakwenda. "Anafungua, anafunga, anabadilisha kichwa, anacheka peke yake humo ndani. Mwishowe akatoa uso akasema, 'Mzee, hii nachukua.' Wallahi sijawahi kuuza kitu kwa mtu mwenye furaha vile."

Siku nne baadaye ndugu hao waliitwa kufukua kisima cha zamani katika mtaa wa jirani. Kilikuwa na kina cha mita kumi na saba, na kilikuwa kimefunikwa kwa magogo na mabati kwa miaka kadhaa.

Wachimbaji wa huku hawashuki kabla ya koroboi. Ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia. Inateremshwa, inaachwa, inatazamwa. Ikizima, watu hukata tawi lenye majani mengi, wakalifunga kamba na kulipandisha na kulishusha kisimani ili kuichochea hewa, kisha wakaijaribu tena koroboi. Ikikataa tena, wanarudi kesho.

Lakini asubuhi ile koroboi haikuwa na mafuta. Duka la mafuta ya taa lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Fulgence aliinua kopo, akalitikisa, akasema anakwenda mara moja kununua.

Otto anasimulia sehemu hii akiwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Nilimulika chini nikaona mpaka jani lililoanguka. Kila kitu kinaonekana. Nikamwambia, 'Mdogo wangu, mwanga wote huu, koroboi ya nini tena? Shuka.' Ndivyo nilivyosema. Shuka."

Anaigeuza tochi mkononi.

"Miaka yote koroboi ilikuwa ndiyo taa yetu. Tochi zetu za zamani zilikuwa za kuzima zima, kwa hiyo tulikuwa tunaishusha ituonyeshe na itupimie. Kazi mbili. Ilipokuja taa bora, mimi nikaona koroboi imestaafu. Ile kazi ya pili niliisahau. Tochi haihitaji hewa, mwandishi. Yenyewe inawaka tu."

Fulgence alishuka na tochi ikining'inia shingoni. Alipofika chini aliifungua kamba kiunoni ili afunge ndoo, kama walivyozoea. Otto alimsikia akisema neno moja ambalo hakulielewa. Alipoita, hakujibiwa.

Otto alijifunga kamba na kumfuata. Alipofika katikati, miguu ikalegea, masikio yakaanza kulia. Majirani waliokuwa wameshika kamba walimvuta juu kwa nguvu huku akiwapigia kelele wamwache. Askari wa zimamoto walipomtoa Fulgence, alikuwa amekwishafariki.

Tochi ilitolewa baadaye kwa ndoo. Kitako chake kilikuwa kimepasuka kwa kugonga jiwe na swichi ilikuwa imekwama. Ilikuwa bado inawaka.

Lidwina alikabidhiwa tochi hiyo pamoja na nguo za mumewe. "Nilibonyeza, haizimi," anasema. "Sikujua inavyofunguliwa. Nikaisukuma chini ya kitanda, nikaifunika na khanga. Watu wanaimba nje, mimi naona mwanga unatokeza kwenye khanga. Siku mbili. Siku tuliyozika ndiyo ikazima yenyewe."

Waombolezaji walisema lile linalosemwa misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Otto alikuwa anajua kosa ni la nani. Walipomuuliza ilikuwaje, alijibu kwamba Fulgence aliharakisha, alishuka bila kupima. Watu wakaguna, wakatikisa vichwa. Uongo ule ukazikwa pamoja na marehemu, au ndivyo alivyotumaini.

Hakuchimba tena. Alilimia watu mashamba na kufyatua matofali kwa elfu tano kwa siku, siku akipata. Mkewe, Kunegunda, anasema Otto alikuwa akilala ameushika mkono wa mkewe huyo kwa nguvu, kama mtu aliyeshika kamba.

Wakati wa Kwaresima alikwenda kuungama. Anasema padri alimsikiliza mpaka mwisho, akamwondolea dhambi, kisha akamwambia kuna nyumba nyingine ambako bado hajapiga hodi.

Alikwenda mchana. Lidwina alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage.

"Akaniambia, 'Shemeji, koroboi niliikataa mimi. Fulgence alitaka kwenda kununua mafuta, mimi nikamwambia ashuke,'" anasema Lidwina. "Niliendelea na maharage. Nilichambua mpaka nikawa natupa mazuri, nabakiza mabovu."

Kwa miezi mitatu hakumsemesha. Walipishana kanisani, Otto akisalimia, Lidwina akiitazama njia. Ndugu walijaribu kusuluhisha wakashindwa. Ukimuuliza Lidwina leo ni nini kilichomlainisha, anaanzia kaburini.

"Unajua, mimi nilikuwa naamini baba Dorine alikufa kwa papara zake," anasema, akimtaja mumewe kwa jina la binti yao. "Kila nikienda kaburini nilikuwa namgombeza. Umeniachaje kwa uzembe wako? Kumbe alitaka kwenda kununua mafuta. Alitaka kurudi nyumbani. Ikabidi nirudi kaburini nimwombe msamaha. Sasa mimi nimeomba msamaha kwa mtu asiyeweza kunijibu. Huyu anayeniomba mimi, mimi mdomo wa kumjibu ninao."

Siku moja baada ya kutoka kaburini, aliifunga tochi kwenye khanga na kuipeleka kwa Abdulswamadu. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akasema Inna lillahi, akaketi. Kisha alifungua kitako kilichopasuka, akatoa kipya kwenye boksi, akafunga na betri nyingine. Ikawaka.

"Nilitaka kumfariji," anakumbuka mzee huyo. "Nikamwambia, 'Mama, tochi hii haifi, kila kiungo kina mwenzake.' Akaitazama, akasema, 'Basi heri tochi.' Hata pesa sikuweza kupokea."

Lidwina aliipeleka mpaka nyumbani kwa Otto, akaiweka mezani. Alimwambia maneno mawili tu: kisima changu hakijaisha, na koroboi nitashusha mimi.

Leo hii ndiyo siku yenyewe. Otto anajifunga kamba kifuani, si kiunoni, na ameapa haifungui mpaka arudi juu. Majirani watatu wanaishika. Anabadilisha kichwa cha tochi, anafunga kile kinachotawanya mwanga, maana kule chini mwili wa mchimbaji unaziba mwanga wa juu, na yeye anataka kuona kama ukuta una nyufa. Koroboi haipandishwi. Itabaki kule chini ikiwaka, karibu na miguu yake.

Anaikaza kamba mara ya pili.

"Naogopa," anasema. "Lakini nimeogopa mwaka mzima nikiwa juu, na haikunisaidia."

Anashuka. Lidwina anapiga magoti pale alipokuwa Otto, macho yake hayatoki kwenye ule moto mdogo. Kila baada ya muda anaita, "Shemeji!" Na kila mara kutoka chini linakuja jibu, "Nipo!" Anaita mara nyingi kuliko inavyohitajika, na Otto anajibu kila mara.

Baada ya saa moja anapandishwa. Amechimba kidogo tu, hata nusu mita haijafika, lakini kwenye kiganja chake kuna udongo uliolowa. Anamwekea Lidwina mkononi. Lidwina anauminya, maji yanatokeza katikati ya vidole, na hapo ndipo anapolia.

Otto anatumaini kufika kwenye maji kabla ya mvua kushika. Novemba mwaka huu Fulgence atatimiza mwaka tangu afariki. Kaburi lake bado ni tuta la udongo lenye msalaba wa mti, na familia imepanga kulijengea siku hiyo. Mchanga upo. Mifuko miwili ya saruji ipo sebuleni.

Maji ya kukorogea saruji yangeweza kuchotwa popote, mtoni au kwa jirani mwenye bomba. Mwandishi anamwambia Lidwina hivyo. Yeye anakataa kwa kichwa, huku akiipangusa tochi kwa upindo wa khanga yake.

"Baba Dorine aliniambia nisubiri kidogo tu," anasema. "Kaburi lake litajengwa kwa maji haya."