Kompaila Aliyoifunga Layla

Melania alipotoka Tanzania, alikokulia, kuja kusoma Gitega, hakuwa na ndugu wa kumpokea. Layla, aliyesoma naye darasa moja la kompyuta, akampeleka kwao Nyamugari. Walilala chumba kimoja mpaka wakamaliza masomo.

Layla akabaki Gitega akifundisha kompyuta. Melania akapata ualimu Mwakiro, mkoani Muyinga. Shule ilikuwa na kompyuta, ila intaneti hakuna, na programu za wanafunzi zilikuwa zinakataa. Akamwomba Layla msaada.

Layla alijua shida iko wapi. Kompaila, ile inayogeuza maandishi ya mwanafunzi kuwa programu, haifanyi kazi bila maktaba yake: vipande vilivyokwisha kuandikwa vya kuonyesha maneno kwenye skrini au kusoma faili. Tena vitu hivyo viwili, kompaila na maktaba, lazima viwe vya toleo moja. Akavifunga kuwa furushi moja, akalijaribu kwenye mashine isiyo na intaneti, akamtumia Melania kwenye flashi.

Miezi ikapita, Melania akalisambaza furushi hilo kwenye shule nyingine za mkoa. Siku moja walimu wa Muyinga wakamwita Layla. Mkubwa wao, Anatoli, hata kiti hakumpa.

“Ni we Layla? Kitu yako imetuharibia masomo, shule zote.”

Layla akafungua kompyuta. Kompaila ilikuwa mpya, hakuwahi kuiona. Maktaba ilikuwa ileile ya zamani.

“Hii si mi niliiweka,” akasema.

Anatoli akamgeukia Melania, aliyekaa nyuma. “Mwanzo ulituambia umeitengeneza mwenyewe. Ilipoanza kukataa, ukasema iko ya Layla.”

“Nilitaka tu iwe na kitu changu ndani,” Melania akajibu, macho chini. “Nikabadilisha kompaila. Dada, ningesema ni mimi, wangenifukuza kazi.”

“Kwa hiyo ikatembea iko yako, ikakufa iko yangu?”

Layla akarudisha kompaila yenye toleo la maktaba ile. Programu za wanafunzi zikafunguka, walimu wakapiga makofi. Yeye alikuwa anafunga mkoba.

Melania akamfuata mpaka barabarani. “Basi tule kwanza, Layla.”

“Kula na walimu wako.”

Akapanda gari la Gitega. Siku hizi furushi jipya likiwa tayari humtumia Anatoli moja kwa moja. Simu za Melania huziacha zilie.